Moyo wa mama ulishuka hadi EF 25 akiwa ICU, sasa umerudi 55. Hiyo "stress" ya mtu aliyelazwa kwa dawa za usingizi inatoka wapi?

#1 Mwana wa Kibosho

Habari wakuu. Naomba mnieleweshe maana nyumbani tumegawanyika kweli.

Mama ana miaka 68, alilazwa na nimonia, ikazidi ikaingia kwenye damu, presha ikashuka, wakamhamishia ICU wakamlaza kwa dawa za usingizi na kumuweka kwenye mashine ya kupumulia. Akiwa huko huko wakampiga eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti), daktari akatuita pembeni akasema moyo umeishiwa nguvu, EF (asilimia ya damu iliyomo ambayo moyo unaisukuma nje kila pigo) imefika 25, na kule chini kwenye ncha umetanuka kama puto haujikunji kabisa. Tukajua hapa tunaaga. Mama hajawahi kuumwa moyo wala kisukari, shambani huwa anatuacha sisi vijana tunahema.

Haikupita muda mrefu eko ya pili ikasoma 40, na ya mwisho kabla ya kuruhusiwa ikasoma 55. Nikamuuliza daktari nini kilitokea akasema "ni stress ya ugonjwa, moyo ulizidiwa kwa muda tu", foleni ilikuwa ndefu hakufafanua zaidi.

Sasa stress gani kwa mtu aliyelala hajitambui? Alikuwa anawaza nini? Kaka yangu anasema ni madawa ya ICU ndo yaliharibu moyo na walipoyatoa ukapona. Shangazi anasema ni maombi. Mimi nataka kujua maana naogopa wasije wakasema kapona kumbe mwakani unarudi vile vile.

#2 Mzee wa Ngarenaro

Pole sana kijana, na tumshukuru Mungu mama yuko nyumbani. Ila mimi naona hiyo eko ya kwanza waliisoma vibaya. Moyo ukishakufa umekufa, tangu lini ukatoka 25 ukaja 55? Baba yangu mdogo alikuwa na 30 akakaa nayo mpaka tunamzika.

#3 Sista Nuru

Mzee @Mzee wa Ngarenaro shikamoo, ila hapo hapana. Mimi ni nesi ICU na hawa wagonjwa tunawaona. Wa baba mdogo wako huenda misuli ilishakufa kabisa au moyo ulitanuka miaka mingi. Huyu wa mleta mada misuli haijafa, imezimia. Seli ziko hai ila zimegoma kujikunja, ukimbeba mgonjwa akavuka zile siku za hatari zinaamka zenyewe. Na sio eko imesomwa vibaya, kitandani unaiona kabisa: presha inashuka upya bila sababu, mapigo yanaenda mbio, mapafu yanajaa maji, oksijeni uliyokuwa unapunguza unajikuta unaiongeza. Ndo unamwita daktari aje na mashine ya eko.

#4 Dr Mbuyuni

Sista kamaliza, niongezee kidogo. Anachoelezea mleta mada ukiunganisha umri, jinsia na ile ncha kutanuka, kinafanana sana na takotsubo. Madaktari wa Hiroshima ndo walioielezea wa kwanza, maandiko yao yakatoka 1990, wakaipa jina la chungu cha kunasia pweza kwa ajili ya umbo la moyo kwenye picha. Wengi wameisikia kama ugonjwa wa waliofiwa au kuachwa, na hapo ndo ndugu wa mgonjwa wanachanganyikiwa wakisikia stress.

Stress anayosema daktari sio mawazo mkuu. Mwili ukipigwa na nimonia kali, oksijeni ikipungua na presha ikishuka, tezi zilizoko juu ya figo pamoja na mishipa ya fahamu vinamwaga homoni za adrenalini na noradrenalini kwa wingi wa kupitiliza, na kazi hiyo haihitaji mtu awe macho. Dawa ya usingizi inaondoa ufahamu, mwili wenyewe unaendelea kupigana. Kuna kumbukumbu za wagonjwa 1,750 wa Ulaya na Marekani zilichapishwa 2015: vyanzo vya kimwili kama maambukizi, operesheni, pumu kali au kiharusi vilikuwa asilimia 36, vya kihisia kama 28, na zaidi ya robo ya wagonjwa hakikuonekana chanzo chochote. Karibu asilimia 90 walikuwa wanawake na wastani wa umri ni kama 67. Mama yako yumo humo humo.

Kwa nini ncha ndo inagoma: sehemu hiyo ina vipokezi vingi vya adrenalini kuliko sehemu ya juu ya moyo. Kuna kundi la watafiti London wanasema adrenalini ikizidi sana, kipokezi kile kile kilichokuwa kinasukuma msuli ujikunje kinageuka kinauzuia. Kwamba seli inajizima ili isife. Walijaribu kwa panya, wakapata.

#5 Kifaru wa Mlalo

Asante dokta. Sasa wanatofautishaje na shambulio la moyo la kawaida? Mana na huko nako moyo unashuka.

#6 Dr Mbuyuni

@Kifaru wa Mlalo hapo ndo pagumu. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaweza kufanana na ya shambulio kabisa, troponini (protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia) nayo inapanda, japo mara nyingi inapanda kidogo tu ukilinganisha na ukubwa wa sehemu iliyogoma. Kinachotofautisha ni mambo mawili. Moja, ile sehemu iliyogoma inavuka eneo la mshipa mmoja, wakati mshipa ukiziba kinagoma kipande chake tu. Pili ukimpeleka kwenye Cathlab (chumba cha kupitisha waya kuangalia mishipa ya moyo) mishipa unaikuta haijaziba. Tatizo mtu aliye kwenye mashine ya kupumulia hospitali ya mkoa, presha inashikiliwa na dripu, humbebi mpaka taasisi ya moyo JKCI Dar eti ukaangalie mishipa tu, anakufia njiani. Kwa hiyo wengi tunawatibu kwa kukisia halafu tunarudia eko, ikipanda yenyewe ndo tunasema ilikuwa ile.

#7 Wanjiku wa Eldy

Habari zenu kutoka Eldoret. Hii kitu ilifanyikia sistangu, alikuwa amejifungua tu, wiki chache baadaye akaanza kufura miguu na kukosa pumzi usiku, EF ikawa 28. Daktari hakusema takotsubo, alisema ni moyo kushindwa kwa sababu ya uzazi. Pia yeye alirudi juu lakini ilichukua miezi mingi na bado anameza dawa. Je hizi si ni kitu moja inaitwa majina mbili?

#8 Sista Nuru

@Wanjiku wa Eldy pole sana na mpe pole dada. Hapana, ni vitu viwili. Ule wa uzazi unakuja mwezi wa mwisho wa mimba au miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua, moyo unachoka wote sio ncha tu, na kurudi kwake ni kwa miezi kama ulivyosema, wengine hawarudi kabisa. Na dada asibebe mimba nyingine kabla hajaongea na daktari wake wa moyo, hili nakuomba sana umwambie.

#9 Famasia Mwenge

Mimi naomba nimtetee kaka wa mleta mada maana kila mtu kampita. Hajakosea sana. Presha ikishuka ICU tunaning'iniza nini? Noradrenalini. Ikigoma tunaongeza adrenalini. Moyo ukionekana dhaifu tunaongeza dobutamini, dawa ya kuusukuma moyo ujikunje. Hizo zote ni ndugu wa kile kile anachosema Dr Mbuyuni kwamba kimeumiza moyo. Kuna wagonjwa wameripotiwa kupata takotsubo baada ya kuchomwa sindano ya adrenalini tu kwa ajili ya aleji, na wengine wakati wa kipimo cha moyo kinachotumia dobutamini. Mgonjwa mwenyewe keshamwaga ya kwake, na sisi tunammiminia nyingine juu. Kaka mtu kauliza swali la maana sana.

#10 Sista Nuru

@Famasia Mwenge nakuheshimu ila ukae zamu ya usiku na mimi. Presha 60 kwa 30, mkojo hakuna, vidole vya baridi. Unataka nifanyaje, nisubiri utafiti? Bila ile dripu huyu mama asingefika hata kwenye hiyo eko. Mleta mada mwambie kaka yako dawa zilimshikilia mama.

#11 Famasia Mwenge

Sijasema zisitolewe sista. Nasema zitolewe huku mtu anaangalia. Mfano upo: wagonjwa wengine ncha inagoma halafu sehemu ya juu inajikunja kwa nguvu kupita kiasi mpaka inaziba njia ya damu kutoka. Huyo ukimuongezea dobutamini unazidisha kuziba na presha inashuka zaidi, wewe unaona presha imeshuka unaongeza tena dawa. Huyo anahitaji maji kwa kipimo na dawa ya kutuliza mapigo, kinyume kabisa. Huwezi kujua bila eko. Hoja yangu ni hiyo tu, eko kabla ya kuongeza.

#12 Sista Nuru

Hapo kwenye eko kabla ya kuongeza nakuunga mkono asilimia zote.

#13 Mnyalukolo Msomi

Wakuu mmekimbilia takotsubo haraka mno. Mgonjwa alikuwa na maambukizi kwenye damu! Hilo peke yake linashusha moyo na linajulikana kabla hao wa Hiroshima hawajaandika. 1984 kule Marekani walifuatilia wagonjwa 20 wenye presha iliyoporomoka kwa maambukizi, nusu yao EF ilikuwa chini ya 40, na waliopona moyo ulirudi ndani ya siku 7 hadi 10. Sumu za vijidudu na kemikali za kinga ya mwili zinaingia kwenye misuli ya moyo, viwanda vya nguvu ndani ya seli vinazima. Adrenalini ya nini tena hapo?

Na la kushangaza kwenye utafiti ule, waliokufa ndo walikuwa na EF nzuri, waliopona ndo walikuwa nayo chini.

#14 Mzee wa Ngarenaro

Hapo @Mnyalukolo Msomi umeniacha. Mwenye moyo mzuri anakufa mwenye mbovu anapona?

#15 Dr Mbuyuni

Mzee ni kweli, utafiti huo upo. Maelezo wanayotoa wengi ni kwamba mishipa ya damu ikilegea kabisa moyo haukutani na ukinzani wowote, unatoa damu kirahisi, EF inasoma vizuri huku mgonjwa anaondoka. EF ni namba inayotegemea na presha ya mbele yake, sio nguvu ya moyo peke yake. Ndo maana mgonjwa anaweza kuwa na 60 halafu hali ni mbaya.

Ila @Mnyalukolo Msomi, moyo wa maambukizi kwa kawaida unalegea wote, pande zote mbili mara nyingi. Huyu kaambiwa ncha imetanuka. Halafu hivi vitu havifukuzani. Korea Kusini 2005 walipima wagonjwa 92 wa ICU ambao hawakulazwa kwa sababu ya moyo, 26 kati yao wakakuta ncha imetanuka, na maambukizi kwenye damu ndo yalijitokeza zaidi kwa hao. Sasa utaiita ya maambukizi au takotsubo?

#16 Mnyalukolo Msomi

Nitaiita ya maambukizi mpaka mtu anionyeshe picha. Mleta mada anasimulia alichosikia koridoni akiwa na hofu, na daktari alikuwa na haraka. Bila kuona picha ya eko tunabishana hewani.

#17 Ngosha Mpambanaji

Mimi naleta kitu tofauti. Nilifanya kazi Saudia jangwani, mwenzetu aling'atwa na nge usiku. Alitokwa jasho jingi mpaka shuka zikalowa, mapigo mbio, presha juu, baadae povu linatoka mdomoni hawezi kupumua, hospitali wakasema moyo umelegea. Kijana mdogo, hana mawazo, hana nimonia. Akapona akarudi kazini. @Dr Mbuyuni na hii ni ile ile?

#18 Dr Mbuyuni

@Ngosha Mpambanaji umeleta mfano mzuri mno. Sumu ya nge wa aina hiyo inafungulia mishipa ya fahamu imwage noradrenalini na adrenalini bila breki. Kule Maharashtra India daktari Himmatrao Bawaskar alianza kuwapa walioumwa na nge mwekundu dawa ya presha ya prazosini, inayozuia hizo homoni zisifanye kazi kwenye mishipa, na vifo vikapungua sana. Kama tatizo lisingekuwa homoni dawa ile isingesaidia.

#19 Kifaru wa Mlalo

Mnyalukolo hapo ujibu sasa. Nge hana vijidudu 😄

#20 Mnyalukolo Msomi

Sijakataa kwamba adrenalini inaweza. Nimekataa kwamba ndo ilimpata huyu mama. Ni kesi mbili.

#21 Bi Rukia Maskati

Asalaam alaykum. Nawasoma toka jana nimeona nichangie. Mimi ni wa Unguja naishi Muscat miaka mingi. Wifi yangu mumewe alifariki ghafla, maiti haijatoka nyumbani yeye kashika kifua kaanguka. Tukasema ni simanzi tu, mmoja akasema apewe maji ya zamzam alale. Mwanangu akakataa akamtia garini. Wakamtia waya wa kwenye mishipa, safi kabisa, wakasema moyo umestushwa. Alilazwa, ukarudi. Lakini wanangu ninachotaka kusema, alikuwa anaumwa kweli kweli, mapafu yamejaa maji. Ukimwona mtu kafiwa kashika kifua msiseme ni huzuni itapita.

#22 Dr Mbuyuni

Waalaykum salaam Bi Rukia, poleni sana na ahsante. Nakazia kwa herufi kubwa: KIFUA KIKIUMA NI HOSPITALI, kutofautisha huwezi kufanya nyumbani. Na kwa rekodi hizo nilizotaja, hatari ya hawa wakiwa wodini ilikaribiana na ya wenye shambulio la kawaida. Baada ya tetemeko la Christchurch, New Zealand, 2011, hospitali ya pale ilipokea wanawake 21 wa aina hii ndani ya siku 4. Hata furaha inaweza, wamewahi kuripotiwa walioanguka kwenye harusi na siku za kuzaliwa, japo ni wachache sana.

#23 Mzee wa Ngarenaro

Kama hofu inaweza kuzima moyo basi mnielezee na hili. Sisi wazee tunajua watu waliotamkiwa maneno mazito, mtu mzima na afya yake, akajilaza siku chache akafa. Hospitali hawakuona kitu. Mkituambia tunaamini uchawi mnatucheka.

#24 Mnyalukolo Msomi

Hakuna anayekucheka mzee wangu. Profesa Walter Cannon wa Harvard aliandika juu ya hilo hilo 1942, alikusanya simulizi kutoka Afrika, Australia na Amerika Kusini za watu waliokufa baada ya kulaaniwa, akasema hofu isiyo na pa kutokea inaweza kuendesha mfumo wa fahamu mpaka mwili ukashindwa. Eko haikuwepo hivyo hakuna aliyeona moyo ulivyokuwa. Pia wengine walipinga wakasema mtu akishatengwa na ndugu hapewi hata maji, anakufa kwa kiu.

#25 Upendo Daima

Na hapo kwenye kutengwa na ndugu ndo kuna maombi ya shangazi. Mleta mada usimbishie. Mama kushikwa mkono, kusemeshwa hata kama kalala, haikuwa bure.

#26 Sista Nuru

@Upendo Daima sisi tunawaambia ndugu waongee na mgonjwa, monita unaiona mapigo yakishuka kidogo akisikia sauti ya mwanae. Sitasema ndo iliponya moyo lakini mgonjwa akiwa na maumivu, kelele, taa usiku kucha, mrija kooni unaokera, homoni hizo hazipungui. Dawa ya maumivu ya kutosha ni sehemu ya tiba ya moyo ICU, na inasahaulika.

#27 Mwana wa Kibosho

Nawashukuru sana wakuu, nimesoma yote na nimemsomea kaka. Jina la takotsubo halipo kwenye karatasi ya kuruhusiwa, wameandika maneno ya moyo kushindwa kwa sababu ya maambukizi. Naomba kuuliza: unaweza kurudi? Na amepewa enalaprili (dawa ya presha na moyo) na dawa ya kuyeyusha damu, ameze mpaka lini wakati moyo tayari ni 55? Anasema amechoka na vidonge. Na kuchoka kwenyewe anachoka kweli, akienda bombani anapumzika njiani, zamani hakuwa hivyo.

#28 Mnyalukolo Msomi

Karatasi imeandika maambukizi. Nilisema.

#29 Dr Mbuyuni

Karatasi wameandika ndani ya dakika tano mkuu 😄. @Mwana wa Kibosho, kurudi inatokea ila sio sana, kwa takotsubo ni chini ya watu 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Dawa ya kuyeyusha damu wamempa kwa sababu ncha ikiwa haijikunji damu inatuama pale inaganda, na bonge likichomoka linaenda ubongoni. ASIIACHE mwenyewe hata kama EF ni 55, arudi wapige eko waone ncha inajikunja vizuri na hakuna bonge, wao ndo wamwambie aache. Enalaprili, dawa za kundi hilo kwenye zile kumbukumbu za 2015 zilihusiana na watu kuishi zaidi baada ya mwaka, bitabloka (dawa za kutuliza mapigo) hazikuonyesha hivyo, lakini hayo sio majaribio ya kugawa wagonjwa makundi kwa bahati nasibu, ni kuangalia kumbukumbu za nyuma tu.

Kuhusu kuchoka msimwambie anajidekeza. Aberdeen, Scotland, 2018 waliwapima watu waliopata takotsubo zaidi ya mwaka nyuma, EF imerudi kawaida, na bado wengi walikuwa wanachoka na uwezo wa mazoezi uko chini. Kwa hiyo pale juu sista aliposema zinaamka, zinaamka ndio ila sio kwamba kila kitu kimerudi siku ile ile. Na kukaa ICU kwenyewe kunakula misuli ya miguu.

#30 Famasia Mwenge

Turudi kwenye dripu. Dr kama adrenalini ndo adui mbona tusiizuie tu ICU? Roma 2013 walijaribu, wagonjwa 154 wa maambukizi makali wenye mapigo ya mbio, wakapewa esmololi kutuliza mapigo, waliokufa ndani ya siku 28 wakawa asilimia 49 dhidi ya 80 kwa wasiopewa.

#31 Mnyalukolo Msomi

Malizia na ya pili basi. Uingereza walijaribu na landiololi, dawa ya kundi hilo hilo, majibu yakatoka 2023, ilibidi wasimamishe mapema kwa wagonjwa 126 kwa sababu haikusaidia na dalili zilikuwa za kudhuru. Na hiyo asilimia 80 ya Roma kwa wasiopewa ni kubwa mno, wagonjwa wao walikuwa hoi kuliko wa kawaida.

#32 Famasia Mwenge

Au walichagua wagonjwa tofauti. Wa Roma walisubiri saa 24 za kumjaza maji kwanza kabla ya kumpa.

#33 Mnyalukolo Msomi

Na wa Uingereza nao walisubiri mgonjwa apite saa 24 kwenye noradrenalini. Tafuta sababu nyingine.

#34 Sista Nuru

Wakati mnatafuta, @Mwana wa Kibosho siku ya kliniki nenda na karatasi zote za eko tatu, sio ya mwisho peke yake. Waombe waangalie ile ya kwanza kama ni ncha tu iligoma au moyo wote, na waandike kwenye faili lake. Akija kulazwa tena, au akifanyiwa operesheni hata ya jicho, mtu wa dawa ya usingizi alijue hilo kabla hajashika adrenalini.